Utatiije amri ambayo hujapewa?

#1 Mvuvi wa Usiku

Bwana Yesu asifiwe wakuu.

Naomba tujadili hili bila kurushiana mistari kama mawe. Siku hizi kila ninayemwomba ushauri ananijibu vilevile: "Mtumaini Mungu, mtii, atafungua njia." Kutumaini naelewa. Kutii ndiko kunakonitatiza, maana utii unataka amri. Ibrahimu alitoka asijue aendako, sawa, lakini aliambiwa toka. Nuhu alipewa mpaka vipimo vya safina, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30. Musa alipata kichaka kinachowaka. Mimi nina mkataba wa kazi unaokaribia kuisha, nafasi nyingine mbali na nyumbani ambayo wenyewe wanataka jibu upesi, na mzazi mgonjwa. Nimeomba, nimefunga, kimya. Hapo natii nini?

Dai langu ni hili: mara nyingi tunachokiita "namngoja Bwana" ni woga uliovaa kanzu ya kanisani, na tunachokiita "nimetii sauti" ni hamu yetu iliyoazima kanzu hiyohiyo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Punda wa Balaamu

Nimeshakaa mstari wa mbele. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mama Kinanda

Amen mtumishi. Usikate tamaa. Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Neno hilo ni lako, lishike. Na kama unataka uhakika fanya kama Gideoni, mwombe ishara iliyo wazi. Mungu hakasiriki akiombwa ishara. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na hajawahi kuniacha.

#4 Mzee wa Kanisa

Mama Kinanda, shikamoo ya kiroho, ila naomba nirekebishe mawili.

La kwanza, Gideoni hakutandaza ngozi ya kondoo ili ajue mapenzi ya Mungu. Alishayajua. Waamuzi 6:14 ameshaambiwa nenda, mstari wa 16 ameshaahidiwa kwamba Bwana atakuwa pamoja naye. Ngozi inakuja mstari wa 36, na yeye mwenyewe anakiri kwa kusema "kama ulivyosema". Ile ni hofu ya mtu mwenye amri mkononi, tena akaiomba mara mbili, kwanza umande kwenye ngozi tu, halafu kwenye nchi tu. Mungu alimvumilia. Kuvumiliwa si kuwekewa utaratibu sisi tuufuate.

La pili, Yeremia 29 ni barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Soma mstari wa 10, unaotangulia huo unaoandikwa kwenye kadi: miaka 70. Mtu mzima aliyeipokea barua ile alijua atazikwa hukohuko. Na kabla ya ahadi wamepewa kazi: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji ule. Hizo ndizo amri. Sura ya 28 yuko nabii Hanania aliyewaambia miaka miwili tu, watu wanarudi. Ujumbe mtamu, na ulikuwa uongo. Hanania akafa mwaka uleule.

Kwa hiyo Mvuvi, jibu langu liko Kumbukumbu la Torati 29:29. Mambo ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu. Wewe unatafuta amri kwenye yale ya siri, na yaliyofunuliwa hujayamaliza. Waheshimu wazazi. Usiseme uongo. Watunze walio wako. Ukishika hayo, chagua kazi yoyote iliyo halali ulale usingizi.

#5 Mama Kinanda

Mzee nimekusikia. Ila Isaya 7 mfalme Ahazi aliambiwa aombe ishara akajifanya mcha Mungu, "sitaomba, wala sitamjaribu Bwana", na Mungu akachukizwa naye. Hilo unalijibu vipi?

#6 Mtoza Ushuru

Mimi nasema lisilosemwa. Mungu wa shuhuda za Jumapili huwa hakosei kwa sababu wanaopewa kipaza sauti ni wale mambo yao yalionyooka. "Niliacha kazi kwa imani, mwezi uliofuata nikapata kubwa zaidi." Makofi. Yule aliyeacha kazi kwa imani na sasa anakopa nauli yuko benchi la nyuma, kama bado anakuja. Tungewaita wote wawili mbele tungeongea kwa adabu zaidi.

#7 Thenashara

@Mtoza Ushuru hao wa benchi la nyuma Biblia imewaita mbele. Waebrania 11 watu huishia kwenye kuta za Yeriko na vinywa vya simba. Endelea mpaka 35 kuendelea: wengine waliumbuliwa, wakapigwa kwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, na mstari wa 39 unasema hao wote walishuhudiwa kwa imani yao wala hawakuipokea ile ahadi. Tatizo ni wapanga ratiba wa ibada.

#8 Mtoza Ushuru

Hilo nakupa. Wapanga ratiba wapo humu, wamesikia.

#9 Dada wa Zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nasoma uzi huu wagonjwa wamelala.

Niseme kitu kuhusu "amri sijapewa". Karatasi ya dawa ya mgonjwa ina visanduku vidogo, kila dozi na saa yake, na kila kisanduku kinataka sahihi ya aliyetoa. Usiku mmoja, si mahali nilipo sasa, dawa ya saa nane haikutolewa kwa sababu haikuwepo. Mkubwa wangu akaniambia nijaze tu, asubuhi kuna ukaguzi, mgonjwa mwenyewe anaendelea vizuri. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Sikuhitaji sauti wala ndoto wala ngozi ya Gideoni. Nikaandika "haikutolewa, haipo stoo", nikatia sahihi yangu chini.

Mwisho wake? Nilihamishwa wodi, nikanyimwa mafunzo niliyokuwa nimeahidiwa. Hakuna aliyeniita kunipongeza na sijaona "kubwa zaidi" mpaka leo. Ila Mvuvi, kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya utii iko kwenye visanduku vya namna hiyo, na huko amri zipo tele. Swali la niende kazi ipi huja mara chache sana maishani, sisi tumelifanya ndilo Ukristo wote.

#10 Punda wa Balaamu

Dada wa Zamu umenifanya niweke utani pembeni kwa dakika moja.

Imepita.

#11 Mvuvi wa Usiku

Dada wa Zamu asante sana. Mzee wa Kanisa asante pia, lakini jibu lako limeniacha palepale. Umesema nitunze walio wangu, 1 Timotheo 5:8. Nikienda, hela ya matibabu inapatikana na mzazi anabaki bila mtu wa kumshika mkono kwenda chooni. Nikibaki, nipo, ila mikono mitupu. Amri ni ileile moja na inanivuta pande mbili. Hapo "yaliyofunuliwa" yananisaidia nini?

#12 Mzee wa Kanisa

Yanakusaidia kujua kwamba hakuna upande ulio dhambi. Hilo si dogo.

#13 Sakristia

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tuna urithi wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari wa zamani aliyevunjwa mguu kwa mzinga Pamplona mwaka 1521 na akaanza kuzichunguza roho akiwa kitandani. Aliacha kanuni za kupambanua, na moja inamhusu Mvuvi moja kwa moja: wakati wa ukiwa wa kiroho, usibadili uamuzi uliofanya kabla ukiwa haujaja. Ukiwa ni pale sala inapokuwa kavu, moyo mzito, matumaini yamekauka. Aliona kwamba hapo anayetushauri mara nyingi si roho mwema.

Alisema pia kwamba mahali pasipo dhambi upande wowote ndipo moyo unapotakiwa usiegemee kwanza, kisha uangalie polepole, kila chaguo linakuacha na nini baada ya siku kadhaa. Amani inayodumu, au msisimko unaoisha kabla ya chakula cha jioni? Kwa hiyo Mzee, siwezi kusema "chagua yoyote". Kati ya mema mawili Mungu anaweza kuwa na anachokupendelea, na moyo uliotulia unaweza kukisikia.

#14 Mzee wa Kanisa

Ndugu Sakristia, moyo huohuo ambao Yeremia 17:9 anasema ni mdanganyifu kuliko vitu vyote?

#15 Sakristia

Huohuo, ambao Ezekieli 36:26 anasema tutapewa mpya. Ndiyo maana nimesema polepole, tena pamoja na mtu anayekuongoza kiroho, si peke yako usiku.

#16 Mke wa Mtume

Jina langu ni utani, mume wangu si mtume ila hupenda kusema kama mmoja wao. Naomba kuuliza wataalamu wa amani ya moyo: mume ana amani tuhame, mke ana amani tubaki. Nani kasikia?

#17 Punda wa Balaamu

Mwambie Mungu anayo namba yako pia. Kama ujumbe unahusu nyumba nzima, asingeutuma kwa mmoja halafu mwingine ausikie kwa kufungiwa mizigo.

#18 Mama Kinanda

Hahaha Punda! Lakini mke amtii mume katika Bwana, tusisahau.

#19 Mke wa Mtume

Mama, na mstari unaotangulia huo, Waefeso 5:21, unasema tunyenyekeane sisi kwa sisi. Tumeanza kuuomba pamoja jioni. Hatujakubaliana bado, ila angalau hatununiani.

#20 Nahodha

Mnaosema Mungu lazima aseme kwanza ndipo mtu aende, someni Matendo 16. Paulo hakukaa Antiokia akingoja maono ya Makedonia. Alikuwa barabarani tayari. Anataka kuhubiri Asia, Roho Mtakatifu anamkataza. Anajaribu Bithinia, anazuiwa. Anafika Troa, bahari mbele yake, ndipo maono yanakuja usiku. Milango miwili imefungwa kwanza. Mvuvi, chombo kilichotia nanga hakigeuzwi kwa usukani. Anza kwenda, ukikosea utazuiwa.

#21 Thenashara

Nahodha, nakuongezea na kukupunguzia. Kuongeza: mstari wa 10 wanasema walikata shauri baada ya maono kwa kuona hakika kwamba Mungu amewaita, maana yake walikaa wakayatafakari pamoja. Hata maono yalihitaji kikao. Kupunguza: hilo la "ukikosea utazuiwa" halikuandikwa. Yona alipokimbilia Tarshishi alikuta merikebu tayari, nauli anayo, mlango wazi kabisa. Mlango wazi haujawahi kuwa ushahidi wa kitu.

Na aliyeita kwenye maono alikuwa mwanamume Mmakedonia. Filipi wakakuta wanawake wamekaa kando ya mto, na kabla sura haijaisha Paulo na Sila wamechapwa fimbo na kutiwa gerezani. Ukimpima Paulo kwa matokeo ya wiki ile ungesema hakusikia vizuri.

#22 Mtoza Ushuru

Nimpinge Mzee na Thenashara kwa pamoja. Sauli, 1 Samweli 13. Aliambiwa angoje siku 7, akangoja 7. Wafilisti wamejaa Mikmashi, watu wake wanatawanyika, Samweli hajaonekana. Akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, huyo Samweli! Na akanyang'anywa ufalme. Mimi hapo namhurumia Sauli. Mwenye kuchelewa ni mtumishi, anayeadhibiwa ni aliyengoja.

#23 Mzee wa Kanisa

Sauli alikuwa na amri iliyo wazi, 1 Samweli 10:8, angoje mpaka Samweli aje amwonyeshe la kufanya. Hakuambiwa ahesabu siku halafu ajitwalie kazi ya kuhani. Mfano wake ni wa mtu mwenye amri aliyeogopa hesabu ya wanajeshi.

#24 Mtoza Ushuru

10:8 inataja siku 7 pia, Mzee. Usiruke.

#25 Mzee wa Kanisa

Sijaruka. "Hata nitakapokujia." Soma hadi mwisho.

#26 Punda wa Balaamu

Wazee wangu, Samweli mwenyewe akiingia humu atawakuta bado mnahesabu.

#27 Mhunzi

Nimesoma wote. Habari inayofanana na ya Mvuvi ni Yeremia 42. Yerusalemu imeanguka, mabaki ya watu wanamwendea Yeremia: tuombee kwa Bwana atuonyeshe njia, liwe jema liwe baya tutatii. Yeremia anaomba, jibu linakuja baada ya siku 10: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wanamjibu, "Unasema uongo."

Rudi sasa sura ya 41 mstari wa 17. Kabla hawajamuuliza nabii, walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu ili waende Misri. Mizigo ilikuwa imefungwa tayari, walitaka muhuri tu. Mvuvi usinichukie, nauliza kwa wema: mizigo yako imekaaje?

#28 Mvuvi wa Usiku

Nusu imefungwa. Swali zuri na sikulipenda.

#29 Dada wa Zamu

Yeremia huyohuyo ana lingine, sura ya 32. Mji umezingirwa na Wababeli, yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na Mungu anamwambia binamu yake Hanameli atakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Hanameli anakuja kweli, na hapo ndipo Yeremia anasema, "Ndipo nikajua ya kuwa neno hili ni neno la Bwana." Ndipo! Nabii mzima alilijua vizuri lilipomfikia mlangoni. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaiweka kwenye chombo cha udongo idumu. Na baada ya kulipa ndipo anasali kwa kuchanganyikiwa, kama anayesema Bwana, mji unaanguka na wewe umeniambia ninunue shamba?

Utii kwanza, maswali baadaye. Huyu ndiye ninayemwelewa zaidi kuliko Ibrahimu.

#30 Sakristia

Kwa karne zetu mimi hukumbuka Dietrich Bonhoeffer, ingawa hakuwa wa kwetu, alikuwa Mlutheri. Juni 1939 alifika New York, salama mbali na Hitler, marafiki wamemtafutia nafasi. Hakutulia. Siku moja akakutana na lile ombi la Paulo kwa Timotheo, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi," likamganda. Julai akapanda meli kurudi Ujerumani. Aliandika kwamba sababu zake mwenyewe hazikuwa wazi kwake. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

#31 Mzee wa Kanisa

Namheshimu sana. Lakini mstari ule Paulo alikuwa anataka joho lake na vitabu. Tukianza kuchukua maelekezo ya safari kwenye salamu za mwisho za nyaraka, hakuna atakayebaki nyumbani.

#32 Thenashara

Na bado alirudi, na alirudi vizuri. Labda mstari haukumpa amri, ulimfunulia tu kwamba alishaamua.

#33 Nahodha

Ndilo nililosema. Alikuwa anakwenda, ndipo akageuzwa.

#34 Mtoza Ushuru

Na angebaki New York akaandika na kufundisha mpaka uzee, tungesema leo alimtii Mungu pia. Tunawasoma watu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mvuvi anaishi kutoka mwanzo kwenda mwisho. Wale vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa tanuri la moto wasipoinamia sanamu ya mfalme, ndio pekee ninaowaamini: "Bali kama si hivyo." Wanajua Mungu anaweza, hawajui kama ataokoa, na hawainami. Mahubiri mengi ya tanuri huwa yanaruka mstari wa 18.

#35 Mgeni wa Pili

Naomba niulize nje kidogo ya mada. Ukimya wenyewe je? Yohana Mbatizaji yuko gerezani anatuma watu, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu anamjibu kwa kazi zake, vipofu wanaona, viwete wanaenda. Hakumtoa gerezani, wala hakumwambia atatoka lini. Nami niko kwenye kipindi kama hicho kwa sababu ya ugonjwa, na ninaenda kanisani bila kuhisi chochote. Je huo ni utii au ni mazoea?

#36 Dada wa Zamu

Ndugu pole sana. Nimekutumia ujumbe pembeni.

#37 Sakristia

Kama ni mazoea, basi ni mazoea yanayokufikisha kanisani. Endelea nayo.

#38 Mvuvi wa Usiku

Wakuu, taarifa fupi. Nimewaomba wenye ile nafasi muda zaidi, wamenipa kidogo. Jumamosi ndugu zangu wote tunakaa na mzazi mwenyewe, ambaye ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini. Sijasikia sauti. Dai langu la mwanzo bado sijaliondoa, ila nitaongeza kwamba wapo humu wanaotii bila kanzu yoyote.

#39 Mtoza Ushuru

Na mzazi akisema nenda halafu kila mtu akikutazama unaona anasema baki?

#40 Mvuvi wa Usiku

Basi ntarudi hapa kuwasumbua.

#41 Mama Kinanda

Kabla uzi haujazama, Mzee wa Kanisa hujanijibu la Ahazi. Nimengoja kuliko Sauli.

#42 Mzee wa Kanisa

Samahani mama. Ahazi aliambiwa aombe ishara, akakataa. Kosa lake ni kukataa alichoamriwa. Gideoni hakuambiwa. Kwa hiyo bado nasimama pale.

#43 Mama Kinanda

Na Hezekia, mtoto wa Ahazi huyohuyo? 2 Wafalme 20:8 Isaya ameshamwambia atapona, yeye akauliza ishara ni nini. Nani alimwambia aulize? Tena akachagua ile ngumu, kivuli kirudi nyuma madaraja 10, na kikarudi.

#44 Punda wa Balaamu

Mzee, shika kalamu.